Mwasha Moto wa Karmøy

Watu wa Skudeneshavn, mji wa bandari kwenye kisiwa cha Karmøy huko Norwe, walimwita Torleiv Kiberiti, na hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Jina lenyewe alipewa na Jarle, rafiki yake wa utotoni, siku walipotoka pamoja zamu yao ya kwanza baharini. Jarle alishuka kwenye helikopta akamkuta mama yake Torleiv anasubiri uwanjani, akamwambia, "Mama, huyu usimruhusu tena jikoni. Sasa hivi anawasha jiko kwa bastola."

Haikuwa mbali na ukweli. Miaka ile, mafuta yalipopanda kutoka chini ya Bahari ya Kaskazini, yalipanda na gesi ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo. Gesi hiyo ilipitishwa kwenye bomba refu lililochomoza pembeni mwa jukwaa la kuchimbia mafuta, ikachomwa hapohapo hewani, usiku na mchana, mwaka mzima. Dhoruba ikivuma, moto ulizimika. Moto ukizimika, gesi iliendelea kutoka vilevile, ila sasa haionekani, na upepo ukitulia ilishuka polepole juu ya vichwa vya watu wenye mashine za kuchomelea vyuma. Kwa hiyo ilibidi mtu asimame ukingoni na bastola ya fataki, apime upepo, apige katikati ya gesi ile mpaka iwake. Torleiv alikuwa amezoea kuwinda paa na babu yake bara. Jicho lake halikukosea.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili alipoiwasha mara ya kwanza. Fataki iliondoka, ikapotea, halafu anga lote likapasuka. Joto lilimpiga usoni kana kwamba amefungua tanuri. Nyuma yake wanaume walipiga makofi na miluzi, na msimamizi wao, Hallstein, akamgonga begani akisema, "Sasa tunaweza kunywa kahawa kwa amani." Torleiv hakuisahau furaha ile. Kwake yeye moto ule ulikuwa usalama. Alipolala kitandani kwake jukwaani, mwanga wake mwekundu ukicheza kwenye kioo cha dirisha, alijua hakuna atakayekufa usingizini.

Alimwoa Gudveig, aliyekuwa muuguzi wa wazee pale kisiwani, wakajenga nyumba nyeupe juu ya mwamba, wakapata mtoto mmoja tu, Ingunn. Torleiv alikuwa wiki mbili baharini, wiki tatu nyumbani. Mtoto akiwa mdogo aliamini baba yake ana kazi ya kulinda taa ili meli zisipotee, na Torleiv hakuona haja ya kumsahihisha. Walikuwa wakienda pamoja vichakani kutazama ndege. Ingunn aliwajua kwa sauti kabla hajajua kusoma. Msimu wa baridi ulipokaribia, walitundika vipande vya shahamu na mbegu kwenye mti wa uani, na wale ndege wadogo wenye kwapa jekundu, wanaovuka bahari kila mwaka kukimbia baridi, walitua hapo kupumzika kabla ya safari. "Kuleni mshibe," Ingunn aliwaambia kutoka dirishani. "Hakuna duka huko mbele."

Ingunn alikuwa na miaka kumi mwaka ule wa ukungu.

Ilikuwa Oktoba. Ukungu ulilifunika jukwaa tangu mchana, mzito kiasi kwamba helikopta hazikuruka. Giza lilipoingia, watu wakiwa mezani kwa chakula cha jioni, Jarle aliingia na kofia yake mkononi, uso umemshuka. Jarle alikuwa mtu wa mzaha, na kumwona hivyo kulimfanya Torleiv aweke uma chini.

"Njoo utazame," Jarle alisema.

Nje, ndege walikuwa wamejaa. Ukungu uliwafichia nyota, na kitu pekee walichoweza kukiona juu ya bahari yote ile ni moto. Walikuwa wakiuzunguka kwa maelfu, duara juu ya duara, wakilia, wala hawakuweza kujitoa. Waliochoka waliingia ndani. Kila aliyeingia alionekana kama cheche, kisha hayupo.

Torleiv alipanda ngazi mbilimbili mpaka kwa Hallstein.

"Tupunguze," alisema. "Tufunge visima viwili vitatu mpaka asubuhi, moto ushuke. Wataondoka zao."

Hallstein alikuwa ameshawaona ndege. Alikuwa amesimama dirishani, mikono mfukoni. "Nimepiga simu bara," alisema. "Wameniuliza kama kuna mtu hatarini. Nikasema hapana, ni ndege. Wakacheka, Torleiv. Hawakucheka kwa ubaya. Walidhani natania."

"Basi wewe funga. Wewe ndiye mkubwa hapa."

"Nifunge, kesho niwaambie nini? Kwamba nilisimamisha uchimbaji kwa ajili ya ndege?"

"Ndiyo. Waambie hivyohivyo."

Hallstein akageukia tena dirishani. "Nenda kalale," alisema.

Torleiv hakulala. Asubuhi yeye na Jarle walipewa mafagio na koleo. Sitaha ilikuwa imefunikwa. Wengi walikuwa wameungua mabawa tu na walikuwa bado wanapumua, na hao ndio waliokuwa wagumu zaidi. Jarle, aliyezoea kuimba akifanya kazi, hakutoa sauti mpaka mwisho. Waliwamwaga baharini kwa mapipa. Glavu za jikoni walizovaa mikononi zilinuka manyoya yaliyoungua hata baada ya kuoshwa mara kadhaa, na ovaroli ya Torleiv ilirudi nyumbani na harufu hiyohiyo.

Gudveig aliinusa, hakuuliza. Aliyeuliza ni Ingunn.

"Baba, mwaka huu wale wekundu wamepita wachache. Uliwaona huko?"

Angeweza kusema hapana. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mtoto, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa akimtazama kwa imani kubwa mno. Akamwambia. Alimweleza kuhusu ukungu, moto, na mafagio. Hakumweleza juu ya wale waliokuwa bado wanapumua.

Ingunn alisikiliza bila kulia. Mwishowe akauliza, "Moto huo nani aliuwasha?"

"Mimi," alisema Torleiv. "Ni kazi yangu, mwanangu. Usipowaka, watu watakufa."

"Si ungeuzima usiku mmoja tu?"

"Siwezi kuuzima peke yangu."

Mtoto alijigeuza ukutani. Hakukasirika, hakununa. Kesho yake alikunywa uji wake kama kawaida, akamuaga baba yake kama kawaida alipoondoka. Ila kuanzia siku hiyo hakumwomba tena waende vichakani.

Miaka ikapita. Serikali ilikuwa imeanza kutoza kodi kwa kila gesi iliyochomwa baharini, na kidogokidogo wenye mafuta wakagundua kwamba gesi ile inaweza kukusanywa, kubanwa na mashine, na kurudishwa chini ya ardhi. Siku ya kuuzima moto wa jukwaa lao ililetwa keki kwa helikopta. Wakuu wa bara walipiga picha. Torleiv, ambaye sasa alikaa chumba cha mitambo mbele ya vioo na vitufe, aliutazama moto ukipungua mpaka ukawa ulimi mdogo wa buluu, kisha bomba tupu. Sasa ungewashwa siku ya hatari tu, kwa kirisasi kidogo kilichorushwa na mtambo wenyewe.

"Kiberiti umestaafishwa," Jarle alimnong'oneza. "Kula keki."

Jioni hiyo alimpigia simu Ingunn, aliyekuwa akisoma chuo huko Bergen. "Tumeuzima," alimwambia. Sauti yake ilikuwa imebeba zaidi ya neno hilo moja, na alisubiri.

"Vizuri, baba," alijibu Ingunn. "Nimefurahi." Alikuwa amefurahi kweli. Lakini wakati huo alikuwa ameshajifunza mambo mengine: kwamba moto ule ulikuwa sehemu ndogo tu, kwamba mitambo mikubwa inayoendesha majukwaa ilitoa moshi wake mchana kutwa, kwamba meli zikipakia mafuta zilipumua mvuke angani. Baada ya muda picha yake ilitoka gazetini, yeye na wenzake wamejifunga minyororo mlangoni pa jengo ambamo wenye mafuta walikuwa na mkutano wao. Kule jukwaani mtu aliikata akaibandika kwenye friji ya chumba cha kahawa, na chini yake akaandika: *Kiberiti wa pili*. Torleiv aliibandua, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Kilichomuuma ni kwamba Ingunn hakumwambia kabla.

Yote yalilipuka Krismasi. Gudveig alikuwa ameandaa mbavu za kondoo zilizokaushwa kwa chumvi, na mezani walikuwepo pia Jarle na mkewe Borghild, kama kila mwaka. Jarle, akidhani anapunguza baridi iliyokuwa kati ya baba na mwana, alisema, "Ingunn, ukija kujifunga minyororo kwetu niambie mapema. Nitakuwekea supu."

Watu walicheka. Ingunn naye alicheka. Torleiv ndiye ambaye hakucheka.

"Kila ulichokula kwenye meza hii kimetoka kule," alisema. "Nguo zako. Chuo chako. Hiyo minyororo labda."

"Najua, baba."

"Kama unajua, mbona unanidhalilisha?"

"Sikukudhalilisha wewe. Sikukutaja popote."

"Unaposema walio kule ni waharibifu, unadhani kule kuna nani? Kuna mimi! Kuna huyu Jarle!"

"Torleiv, basi," alisema Gudveig.

"Najua kuna wewe," alisema Ingunn. "Tangu nina miaka kumi najua kuna wewe. Unafikiri ni rahisi?"

Torleiv alisema neno ambalo baadaye alitamani kulirudisha kinywani. Alimwambia kwamba kama mikono ya baba yake ni michafu mno, asiishike tena. Ingunn aliondoka kesho yake asubuhi, kabla baba yake hajaamka. Walipitisha miaka saba wakisalimiana kupitia kwa Gudveig, ambaye alishika simu kila Jumapili na kusema, "Baba anakusalimia," hata siku ambazo baba hakusema lolote.

Kwa njia hiyohiyo Torleiv alipata habari kwamba Ingunn sasa alifanya kazi na watafiti wanaorusha eropleni ndogo juu ya majukwaa, yenye vyombo vya kunusa hewa.

Torleiv alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Kiangazi hicho mashine ya kubana gesi ilianza kusumbua, ikawa inasimama kila mara, na gesi ikawa inarudi kwenye bomba la zamani. Mtambo wa kuliwasha nao ulikuwa umekufa. Kwa hiyo gesi ilitoka mbichi, bila moto, bila moshi. Ukitazama huoni kitu, labda hewa iliyochezacheza kidogo juu ya mdomo wa bomba. Torleiv alijua kuliko wengi kwamba gesi mbichi inadhuru anga kuliko ile iliyochomwa. Ingunn mwenyewe alikuwa ameyasema hayo redioni, naye alimsikiliza akiwa garini, injini imezimwa.

Alimwendea msimamizi mpya, Eirin, mwanamke mwenye adabu ambaye macho yake yalionyesha hajapumzika siku nyingi.

"Ama tufunge, ama niiwashe kwa bastola," alimwambia. "Bado ipo kabatini."

"Torleiv, ukiwasha moto utaonekana na kila meli, na nitaulizwa. Nikifunga, nitaulizwa zaidi. Kipuri kiko njiani. Upepo ni mzuri, hakuna hatari kwa watu."

"Na hewa je?"

Eirin alifumba macho kidogo. "Kipuri kiko njiani," alirudia.

Torleiv akarudi kwenye vioo vyake. Alijiambia ameshasema. Kipuri kilichelewa, kisha kikaja kisichofaa. Kiangazi kikaisha.

Siku moja ya Septemba, kwenye mkutano wa asubuhi, walitangaziwa kwamba eropleni ya watafiti ingepita. Wenzake waligeuka wakamtazama. Alasiri ikatokea kweli, nyeupe, chini sana, ikaanza kulizunguka jukwaa. Torleiv alitoka nje. Jarle alikuwa tayari pale, amekunja mikono.

"Safari hii ndege ana injini," Jarle alisema. "Mpungie mwanao, asije akatutupia kitu."

Eropleni ilipita karibu kiasi cha kuona madirisha yake. Torleiv alivua kofia yake ngumu ili kichwa chake cheupe kionekane, akainua mkono. Halafu eropleni ikalizunguka jukwaa kwa upande ule upepo ulikoelekea, upande wa lile bomba, akakumbuka ni nini hasa mwanawe alikuwa akinusa wakati huo. Mkono ulimshuka wenyewe. Alisimama pale, kofia kifuani, kama mtu aliye mazikoni, huku eropleni ikipita tena na tena mahali palepale.

"Una nini?" Jarle aliuliza.

"Anajua," alisema Torleiv.

Alimpigia simu jioni ileile. Gudveig alikuwa amempa namba miaka mingi nyuma. Ingunn alipopokea, alisikia pumzi tu, akajua ni nani.

"Baba?"

"Mlichonusa leo ni kweli," alisema Torleiv. "Msije mkadhani vyombo vimekosea. Bomba linatoa gesi mbichi. Ukitaka niliseme popote, nitalisema."

Ingunn akauliza kwa sauti ya chini, "Tangu lini?"

"Tangu Juni."

"Na ulijua tangu Juni?"

"Nilimwambia msimamizi."

"Halafu?"

"Nikarudi kwenye vioo vyangu." Alisikia mwanawe akivuta pumzi, na alitegemea hasira. Hasira angeiweza. Lakini Ingunn alisema tu, "Asante kwa kuniambia, baba," kwa sauti ile ambayo mtu humwambia karani dirishani, akakata simu.

Torleiv alitimiza ahadi yake. Wakaguzi walipokuja, aliwaambia aliyoyajua, tena mbele ya Eirin, ambaye hakubisha hata neno. Jukwaa liliamriwa kusimama mpaka mitambo itengenezwe. Wenye mafuta wakapiga hesabu zao, wakaona jukwaa ni kongwe, wakalifunga moja kwa moja, miaka kadhaa kabla ya wakati uliopangwa. Watu wakarudishwa makwao. Miongoni mwao alikuwa Sindre, mtoto wa Jarle, ambaye ndiyo kwanza amejenga. Sindre akauza nyumba, akaenda kutafuta kazi kaskazini kabisa, akaondoka na wajukuu.

Jarle alimfuata Torleiv kwenye maegesho ya duka. Hakupaza sauti.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Miaka yote hii. Ungekuja kwangu ukasema, Jarle, kesho nalisema. Ningekukataza, halafu ungekwenda kulisema vilevile. Lakini ungeniambia."

"Nilikuwa naona haya, Jarle."

"Kwa wageni hukuona."

Aliingia garini. Skudeneshavn ni mji mdogo, na watu wawili wasiotaka kusalimiana wana kazi kubwa. Jarle aliifanya kazi hiyo kwa ukamilifu. Akimwona Torleiv gatini, alipitia upande wa pili. Krismasi mbili meza ya Gudveig ilikuwa na viti viwili tu. Mara moja Torleiv alikwenda mpaka mlangoni kwa Jarle na chupa ya pombe ya viazi chini ya koti, akasikia redio ndani, akabisha. Redio ikazimwa. Mlango haukufunguliwa.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, moyo wa Jarle ulisimama akiwa anapaka rangi mashua yake.

Kanisani Torleiv alikaa nyuma kabisa. Gudveig alikuwa mbele pamoja na Borghild, kwa sababu Borghild alimtaka yeye, si mumewe. Wimbo wa kwanza ulikuwa umeanza mtu alipoingia na kuketi kando yake, koti limelowa mvua. Alikuwa Ingunn. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa na mvi, jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

"Nimekuja kwa ajili ya Jarle," alinong'ona. "Ndiye aliyenifundisha baiskeli. Wewe ulikuwa zamu."

"Najua," alisema Torleiv.

Mlangoni Borghild alimpa kila mtu mkono. Torleiv alipofika, Borghild aliinama kurekebisha skafu yake, na akaendelea kuirekebisha mpaka Torleiv alipopita. Torleiv hakumlaumu. Alivuka uwanja wa kanisa mvuani bila kofia, na Ingunn akamfuata, akamfungulia mlango wa gari lake.

Ingunn akaketi mbele ya usukani, ufunguo mkononi.

"Wanasema ni mimi niliyelifunga jukwaa," alisema Ingunn. "Nimeona walivyonitazama."

"Ni mimi," alisema Torleiv. "Usibebe na hilo."

"Ulifanya vizuri, baba."

"Nilichelewa."

"Ulichelewa," Ingunn alikubali. Aliwasha gari.

Alikaa mpaka Jumapili. Gudveig alipika madonge ya viazi, watu watatu wakala, wakazungumzia mvua, paa linalovuja, na bei ya kivuko. Torleiv alitaka mara kadhaa kuuliza kama anaweza kwenda naye siku moja kuiona ile eropleni. Kila neno lilipofika ulimini alilimeza pamoja na kahawa. Wakati wa kuondoka Ingunn alimkumbatia mama yake muda mrefu, na baba yake muda mfupi. Torleiv alisimama barabarani mpaka gari likapinda kwenye kona ya mwamba. Kisha akaingia ndani, akamwambia Gudveig kwamba mlango wa nyuma wa gari la Ingunn haufungi sawasawa, na wakizungumza tena kwa simu Jumapili ijayo amkumbushe.